Ukuu wa Toussaint Louverture na Suala la Ardhi katika Mapinduzi ya Saint-Domingue, 1791–1804

1.0 Utangulizi

Wasifu wa watu mashuhuri ni mojawapo ya tanzu kongwe za uandishi wa historia. Kwa kawaida utanzu huu humchukua mhusika mmoja, humfuata tangu kuzaliwa hadi kufa, kisha humhesabia ushindi wake. Utaratibu huo humsaidia msomaji kufuatilia matukio, lakini una kasoro ya msingi: huwafanya watu wengine wote waonekane kuwa wafuasi tu. Makala hii inaichunguza kasoro hiyo kwa kumrejelea Toussaint Louverture, aliyezaliwa utumwani katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, na baadaye akalitawala. Hoja inayojengwa ni kwamba ukuu wake haupimwi kwa ushindi wa vita pekee. Unapaswa kupimwa pia kwa namna alivyolishughulikia suala la ardhi, kwani ndilo lililomtenganisha na watu aliowaongoza.

2.0 Koloni na Watu Wake

Mwaka 1789 Saint-Domingue ilikuwa na watumwa wapatao 500,000. Wazungu walikuwa kati ya 30,000 na 40,000, na watu weusi na machotara waliokuwa huru walikaribia 30,000. Koloni hilo liliongoza duniani kwa kuuza nje sukari na kahawa, na utajiri huo ulitokana na kazi iliyoua watu kwa wingi. Wenye mashamba walijaza nafasi za waliokufa kwa kuwanunua watumwa wapya kutoka Afrika. Kwa sababu hiyo, mapinduzi yalipoanza Agosti 1791, watumwa wengi walikuwa wamezaliwa Afrika. Wengi walitoka eneo la Kongo, na katika miaka ya 1780 baadhi waliletwa kutoka Msumbiji.

Jambo hili lina uzito katika mjadala. Mwanahistoria John Thornton ameonesha kwamba baadhi ya watu hao walikuwa askari katika vita vya Kongo kabla ya kutekwa. Isitoshe, watumwa wa Saint-Domingue walizoea kulima vishamba vidogo vya chakula walivyoachiwa na mabwana zao, na mazao ya ziada waliyauza sokoni. Hivyo walikuwa na picha yao wenyewe ya uhuru: mtu kulima ardhi yake, kwa ajili ya jamaa yake, kwa wakati anaoupanga mwenyewe.

3.0 Kuinuka kwa Toussaint

Toussaint alizaliwa karibu mwaka 1743 katika shamba la Bréda, ambako alitunza mifugo na kuendesha gari la farasi. Kwa muda mrefu waandishi walidhani kwamba alikuwa bado mtumwa mwaka 1791. Nyaraka zilizochapishwa mwaka 1977 zilibadili picha hiyo: alikuwa mtu huru kufikia mwaka 1776, na baadaye alikodi shamba la kahawa pamoja na watumwa wapatao 13. Taarifa hiyo haimwondolei heshima, ila inaonesha kwamba aliujua mfumo wa mashamba makubwa kwa pande zake zote mbili.

Alipojiunga na waasi, alipigana kwanza upande wa Hispania. Baada ya Bunge la Ufaransa kufuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, alihamia upande wa Ufaransa. Mwaka 1798 Waingereza, waliokuwa wameivamia koloni tangu 1793, waliondoka baada ya kufanya mapatano naye. Mwaka 1800 alimshinda mpinzani wake wa kusini, André Rigaud, na Januari 1801 aliingia Santo Domingo. Kisiwa chote kikawa chini yake.

4.0 Uhuru na Kazi ya Lazima

Ushindi huo ulizaa swali gumu. Jeshi lilihitaji silaha na baruti, navyo vilinunuliwa kutoka nje, hasa kwa wafanyabiashara wa Marekani. Fedha za kununulia zilitokana na sukari na kahawa. Toussaint aliamini kwamba bila mashamba makubwa hakuna jeshi, na bila jeshi utumwa ungerejeshwa. Kwa hiyo, Oktoba 1800 alitoa amri iliyowaweka wakulima chini ya nidhamu ya kijeshi na kuwalazimisha kubaki katika mashamba waliyokuwa wakifanyia kazi. Walilipwa sehemu ya mavuno, lakini hawakuruhusiwa kuondoka wapendavyo. Utawala wake pia ulizuia ununuzi wa vipande vidogo vya ardhi.

Katiba ya 1801 inaubeba mgongano huo. Ibara ya 3 inatamka kwamba utumwa umefutwa milele, ilhali ibara nyingine zinamfanya Toussaint gavana wa maisha na kuruhusu kuletwa kwa wakulima zaidi kutoka nje. Oktoba 1801 wakulima wa kaskazini waliasi. Toussaint aliuzima uasi huo na kumwua Jenerali Moïse, aliyemlea kama mpwa wake, kwa kumshutumu kuwa aliuunga mkono.

5.0 Anguko na Mwendelezo

Mapema mwaka 1802 Jenerali Leclerc, aliyetumwa na Napoléon Bonaparte, aliwasili pamoja na askari wapatao 20,000. C.L.R. James, katika kitabu chake cha 1938, anaeleza kwamba Toussaint alidhoofika kwa sababu alikuwa amejitenga na umma na hakuueleza nia yake. Toussaint aliweka silaha chini mwezi Mei, akakamatwa Juni 1802, na akafariki tarehe 7 Aprili 1803 katika ngome ya Joux, kwenye milima ya Jura.

Hata hivyo, mapinduzi hayakufa naye. Wafaransa walipoanza kuwanyang'anya wakulima bunduki, na habari za kurejeshwa kwa utumwa Guadeloupe zilipofika, vikundi vya vijijini viliendeleza vita hata wakati majenerali weusi wakiwa bado wanamtumikia Leclerc. Carolyn Fick amesisitiza mchango huo wa watu wa chini. Homa ya manjano iliwamaliza askari wa Ufaransa, Dessalines akaongoza ushindi wa Vertières Novemba 1803, na Haiti ikatangazwa huru tarehe 1 Januari 1804.

6.0 Hitimisho

Mfano huu unabainisha mambo mawili. Kwanza, Toussaint alikuwa kiongozi mkubwa kwa kipimo chochote, kwani aliunda jeshi na dola ambavyo bila ya hivyo uhuru wa 1794 ungebaki kuwa karatasi. Pili, wakulima waliokataa amri zake hawakuwa wavivu wala wasaliti. Walikuwa na ufafanuzi tofauti wa uhuru, na ndio waliobaki vitani alipoondolewa. Wasifu unaomtaja yeye na kuwanyamazia hao hauwezi kueleza kwa nini alishinda, kwa nini alianguka, wala kwa nini mapinduzi yaliendelea bila yeye.