Gunia la Ruaha Mbuyuni: Juu ya Mizani, Sheria na Ustawi wa Mkulima

Wanazuoni wa uchumi wa zama zetu, tangu Douglass North, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, hadi Daron Acemoglu na wenzake wawili walioipata mwaka 2024, wametuzoesha kuamini kwamba ustawi wa mataifa hautokani na rutuba ya ardhi wala wingi wa madini, bali na taasisi, yaani sheria, kanuni na ada zinazowaongoza watu katika kuuziana, kuaminiana na kutawalana. Kauli hiyo naikubali. Walakini ikisomwa kwa haraka humfanya mtu adhani kwamba dola ikishatunga sheria njema na kuiundia ofisi ya kuisimamia, basi kazi imekwisha. Biashara ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni yaikanusha dhana hiyo.

Mji huo mdogo wa wilaya ya Kilolo uko chini ya mlima Kitonga, pale ambapo barabara kuu itokayo Iringa inakaribia kuingia mkoa wa Morogoro, katika bonde la joto na mibuyu ambalo watu wake hulima kwa kumwagilia. Ardhi yazaa, lami ipo, na malori yaendayo Dar es Salaam hupita usiku na mchana. Mkulima wa mahali kama hapo hakosi soko. Kinachompotea, humpotea shambani mwake mwenyewe, siku ya kufungasha. Mnunuzi huja na magunia yake na wafungashaji wake. Gunia likijaa hadi mdomoni halifungwi, bali hushonewa kipande cha wavu au cha gunia jingine kwa kamba, kisha vitunguu huongezwa na kushindiliwa hadi kichwa chake kivimbe mfano wa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei iliyokubaliwa ni ya gunia moja, na mzigo ule, pamoja na kilemba chake, huhesabiwa gunia moja.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ilitungwa mwaka 1982. Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002. Kanuni zataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Na viongozi wa ngazi zote wameipiga marufuku lumbesa mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa sehemu ya msimu wa mavuno. Hata kwa upande wa dini hakuna udhuru, maana Surat al-Mutaffifin imewashutumu waziwazi wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunja.

Basi kwa nini dhuluma hii yadumu? Sababu ya kwanza yajulikana na kila mtu: kitunguu kina maji, hakivumilii mvua wala kulimbikwa ovyo, na mwenye nacho ana madeni ya mbegu, dawa na vibarua, hivyo akilikataa gunia lenye kilemba, lori litasogea hadi shamba la jirani. Sababu ya pili haisemwi sana, nami naiona nzito zaidi. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2 ya thamani kwa mazao ya chakula, huko kwenye geti la ushuru la halmashauri aghalabu hutozwa kwa kuhesabu magunia, kwa kuwa kuhesabu ni rahisi kuliko kupima. Na nauli ya mzigo nayo mara nyingi hukatwa kwa gunia. Mfanyabiashara anayeyageuza magunia matatu kuwa mawili ameokoa ushuru na nauli kwa pamoja. Hivyo serikali ile ile inayoikataza lumbesa kwa ofisi moja, yaizawadia kwa ofisi nyingine, na hakuna mtu mwovu aliyekaa akapanga jambo hilo.

Historia ya nchi yetu ina mfano unaofaa kupimwa hapa. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, waliochoshwa na mizani ya ghiliba ya wanunuzi, waliajiri wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani na kuhakikisha uzito. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 shirikisho lao la Victoria, ambalo hadi wakati wa uhuru lilikuwa limekuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kilichobadilika pale penye mizani ni kwamba alisimama mtu anayelipwa na muuzaji, naye muuzaji alikuwa na uwezo wa kumwachisha kazi. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, na mazao kukabidhiwa mamlaka za serikali, mkulima hakupoteza jengo na malori tu, bali alipoteza ule mkono wake penye mizani. Na ijapokuwa sheria ya vyama vya ushirika, nayo ya mwaka 1982, ilivirudisha vyama hivyo, mazoea ya watu kujisimamia hayarudi kwa kutangazwa katika gazeti la serikali.

Kuna wanaojibu kwamba tiba ni kuwakamata wenye malori barabarani. Hao husahau kwamba lori likifika kizuizini mkulima amekwisha kuuza, na faini inayotozwa huko haimrudishii hata kitunguu kimoja. Tena mfanyabiashara ataihesabu faini hiyo kuwa gharama ya safari na kuipunguza katika bei ya msimu ujao. Lililo jepesi zaidi, na ambalo halihitaji sheria mpya ya Bunge, ni halmashauri kutoza ushuru kwa kilo, penye kituo cha kukusanyia mazao kijijini, chini ya mpimaji aliyechaguliwa na wakulima na kulipwa kutoka katika ushuru huo. Ugumu utakuja katika miezi ambayo hakuna mavuno, pale ambapo mpimaji atataka ujira ilhali kituo hakina mapato. Na jambo hilo ndilo madiwani wa Kilolo wangepaswa kulijadili kabla ya kununua mizani.