TV haijafa, imeachwa: kutoka chogo za 2013 mpaka sava ya jamaa wa Gonja Maore

Leo siongelei staa gani kaachana na nani. Naongelea kuachwa kwa aina nyingine, kule ambako unaamka asubuhi ukiwa mzima kabisa, hujakosea chochote, halafu uliyekuwa unaelewana naye jana leo anaongea lugha usiyoijua.

Juzi nilikuwa kwa jamaa mmoja hapa Gonja Maore. Jina naliacha, mwenyewe akisoma atajijua. Ana laptopu ya zamani ambayo kaigeuza sava ya nyumbani. Kaijaza muvi, tamthilia za Kikorea, bongo fleva na mahubiri ya bibi yake, halafu ruta inasambaza kwenye TV ya sebuleni na kwenye simu za ndugu wote bila kula bando. Ukiishi huku chini ya milima ya Upare, ambako mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni, unaelewa kwa nini hiyo laptopu inaheshimiwa kuliko friji.

Usiku jamaa akafanya apdeti ya ile programu ya sava. Asubuhi bibi kakaa na chai yake anasubiri mahubiri, TV inazungusha kiduara tu. Simu mpya zote zinacheza vizuri. TV ya bibi, ambayo mtoto wake alimtumia kutoka Dar miaka mingi imepita, imegoma.

Jamaa akatoa hukumu: "Bibi, TV imekufa. Inabidi tuchange tununue nyingine."

Bibi akamwangalia. "Imekufaje, na jana ilikuwa nzima?"

Nikachomeka fleshi yenye nyimbo za kwaya. Ikacheza safi, picha na sauti. Kumbe marehemu yuko hai.

Mzee mmoja jirani alikuwa amekaa barazani. Nilimwamkia, akaitikia, halafu akacheka. "Marahaba, mjukuu wangu. Hayo si mageni. Mimi walinifanyia hivyo hivyo siku ya Pasaka."

Pasaka ya 2013

Huyu mzee kabla hajarudi nyumbani Gonja alikuwa na kibanda umiza Moshi mjini. Mliozaliwa juzi, kibanda umiza ni lile banda la kuonyesha video, unalipa hela ndogo unabanana kwenye benchi, joto kama tanuri, lakini hutoki mpaka stelingi ashinde. Mzee alikuwa na TV tatu za chogo na antena moja juu ya mlingoti. Waya mmoja unashuka, unagawanywa mara tatu, kila TV inakamata chaneli yake. Huku Isidingo ya ITV, kule mieleka, na ile ya tatu anaweka deki, watu wanasikiliza muvi iliyotafsiriwa na Lufufu.

Tukumbushane kidogo. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ila Bara tulikaa bila kituo chochote mpaka 1994, mwaka ambao ITV ilianza. Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC, ikaja 2000. Yaani watu wengi wa Bara walinunua TV yao ya kwanza kati ya 1994 na 2010, tena kwa kujinyima. Kuna waliouza ng'ombe. Kuna waliokuwa wanaiwasha kwa betri ya gari kwa sababu umeme haujafika.

Wakati sisi bado tunazoea, mwaka 2006 nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva na kukubaliana kwamba matangazo ya analojia yaachwe, ukomo uwe Juni 17, 2015. Nchi za Afrika Mashariki zikajiwekea tarehe ya mapema zaidi, Desemba 31, 2012. Tanzania ikashika neno. Usiku huo wa mwaka mpya mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ikazimwa. Ratiba ya TCRA ikaendelea mji kwa mji: Dodoma na Tanga mwisho wa Januari 2013, Mwanza mwisho wa Februari, Moshi na Arusha Machi 31, Mbeya mwisho wa Aprili.

Machi 31, 2013 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Siku ambayo banda linajaa kuliko siku zote.

Mzee anasema alijua kingamuzi kinahitajika, matangazo aliyasikia. Alichokuwa hajakijua ni hiki: antena moja ililisha TV tatu, chaneli tatu tofauti, lakini kingamuzi kimoja kinatoa chaneli moja kwa wakati. Ukigawa waya wake, TV zote tatu zinaonyesha kitu kile kile. Ili biashara irudi kama zamani angehitaji ving'amuzi vitatu, na kama anataka chaneli za ziada, kila mwezi alipie mara tatu. Chaneli za kitaifa kama TBC1 na ITV zilitakiwa kuonekana bila malipo ya mwezi, lakini kingamuzi chenyewe hukipewi bure.

"TV zangu hazikuharibika hata moja," ananiambia. "Niliziuza nzima. Mbili nikampa fundi kwa bei ya spika zake."

Banda likafungwa. Mzee akarudi kulima.

Kwani tatizo lilikuwa nini?

Hapa ndipo wengi tunachanganya. TV ya chogo haikuzimwa na mtu. Aliyebadilika ni anayerusha. Analojia ilikuwa inarusha picha kama wimbi, na TV inalisoma moja kwa moja. Dijitali inaigeuza picha kuwa namba, inaibana, halafu ndiyo inarusha. Chogo hazijui kusoma hizo namba. Kingamuzi kazi yake ni kukaa katikati, kinasikia namba kinatoa picha ambayo TV inaielewa.

Kwa hiyo kingamuzi ni mkalimani. Kama Lufufu alivyokaa katikati ya muvi ya kigeni na sisi tulio kwenye benchi, bila yeye muvi ipo ila hatuelewi. Swali langu tangu juzi ni dogo tu: mkalimani ananunuliwa na nani?

Tusidanganyane, dijitali ina faida zake. Masafa yaliyokuwa yanabeba chaneli moja ya analojia yanabeba chaneli nyingi. Nafasi iliyobaki ikapelekwa kwenye intaneti ya simu, na hiyo ndiyo unayosomea hapa sasa hivi. Picha nayo ni safi, haina chenga.

Ila sisi wa milimani tunajua hata chenga zilikuwa na heshima yake. Analojia ikidhoofika, picha inachafuka taratibu. Unaona mpira kama uko kwenye mvua, lakini sauti unapata, na anayefunga unamjua. Dijitali ikidhoofika, picha inakwama vipande vipande, halafu giza. Katikati hakuna. Aliye karibu na mnara kapata picha nzuri zaidi, na aliye nyuma ya mlima kapoteza hata ile kidogo aliyokuwa nayo.

Wenzetu walifanyaje?

Nilidhani ni sheria ya dunia, kwamba kipya kikija cha zamani lazima kife. Nikaanza kusoma. Si kweli.

Marekani mwaka 1950 waliidhinisha mfumo wa TV ya rangi wa kampuni ya CBS. Kasoro yake ni kwamba TV za nyeusi na nyeupe zilizokuwa majumbani zisingeweza kuonyesha matangazo hayo. Yalirushwa miezi michache tu ya 1951 yakasimama. Mwaka 1953 ukaidhinishwa mfumo mwingine ambao mwenye TV ya rangi anaona rangi, na mwenye TV ya zamani anaona kipindi hicho hicho kwa nyeusi na nyeupe. Mafundi waliumiza kichwa upande wa kurusha ili mtu wa nyumbani asinunue kitu.

Uingereza walianza matangazo mwaka 1936 kwa mfumo wa mistari 405. Mwaka 1964 wakaleta wa mistari 625. Unajua ule wa zamani waliuzima lini kabisa? Januari 1985. Zaidi ya miaka 20 walirusha lugha mbili pamoja, mpaka TV za zamani zikaisha zenyewe kwa uzee.

Hata dijitali, Marekani walipozima analojia Juni 12, 2009, serikali yao ilitoa kuponi za dola 40, mpaka mbili kwa kila nyumba, za kusaidia kununua kingamuzi.

Majirani zetu Kenya nao wana kisa chao. Walizindua dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, baadaye wakahamia DVB-T2. Aliyewahi kutii na kununua kingamuzi cha mwanzo akaambiwa hicho hakifai, nunua kingine. Halafu zima zima ilipofika Februari 2015, vituo vikubwa vya Citizen, NTV na KTN vilikuwa kwenye mvutano na serikali, vikakaa nje ya hewa karibu wiki tatu. Kuna watu walikuwa na kingamuzi sahihi, TV sahihi, na bado wakaangalia kioo cheusi.

Ukiangalia visa vyote hivi, kubadilika hakukwepeki. Kinachotofautiana ni nani anabeba mzigo wa kuunganisha kipya na cha zamani. Kuna sehemu anaubeba anayerusha, kuna sehemu serikali inasaidia, na kuna sehemu unatupiwa wewe unayepokea.

Na sasa imehamia kwenye intaneti

Zamani mitambo ilizimwa mara moja katika kizazi, tena matangazo yanapigwa miezi kabla. Siku hizi inazimwa kimya kimya. Aprili 2015 YouTube waliacha njia ya zamani ya kuunganisha vifaa, na TV janja nyingi za 2012 kurudi nyuma zikapoteza YouTube yake. Desemba 2019 Netflix ikaacha baadhi ya TV za zamani za Samsung. WhatsApp iliaga Android 4.0.4 na za nyuma yake Novemba 2021, na Januari 1, 2025 ikawa zamu ya Android 4.4. Simu inapiga, inapokea, tochi inawaka, lakini grupu la familia limekuacha.

Kwenye sava ya nyumbani ni mchezo ule ule, tofauti ni kwamba mnara uko sebuleni kwako. Sava nzuri ina mkalimani ndani yake: ikijua TV haielewi aina fulani ya video, inaigeuza papo hapo kuwa ile inayoeleweka. Kazi hiyo inachosha kompyuta, ndiyo maana feni ya laptopu inalia kama mashine ya kusaga. Lakini kwanza TV na sava lazima wasalimiane, na apdeti inaweza kubadilisha salamu yenyewe. TV ya bibi inabisha hodi kwa salamu ya zamani, sava mpya haiitikii. Aliyetengeneza TV aliacha kuitumia apdeti zamani sana, kwa hiyo haitajifunza salamu mpya milele.

Jamaa akajaribu kurudisha toleo la zamani. Likagoma. Toleo jipya lilishaandika upya daftari lake la kumbukumbu kwa muundo mpya, la zamani halilisomi. Na nakala ya akiba hakuwa nayo.

Ikabaki njia moja, kiboksi kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV, chenye programu mpya. Kingamuzi kwa mara nyingine! Jamaa akarudia wimbo wake wa mchango wa familia. Mzee akamkata kauli.

"Mwanangu, nani kabadilisha, wewe au bibi yako?"

"Mimi."

"Basi aliyebadilisha lugha ndiye anunue mkalimani. Mimi sikununuliwa, na unaona niko wapi."

Kimya. Jamaa akaangalia chini. Wiki ile ile akapanda gari kwenda Same mjini, akarudi na kiboksi, kwa hela yake. Bibi akapata mahubiri yake, akaniuliza kama zile nyimbo za kwaya nazo zinaweza kuingizwa humo.

Wewe mwenye sava nyumbani, au fundi wa mtaa unayewawekea watu, kabla hujabonyeza apdeti jiulize kifaa cha zamani kuliko vyote humo ndani ni cha nani. Mara nyingi ni cha bibi, au cha dada wa kazi, au cha mtoto aliyerithishwa simu yenye kioo kilichopasuka. Weka nakala ya akiba. Subiri siku kadhaa usikie walioapdeti kabla yako wanalia nini. Usikae na toleo bovu milele, maana la zamani sana linaacha mlango wazi kwa wezi wa mtandao, lakini usimtangazie mtu msiba wa TV ambayo ni nzima.

Haya tiririka hapo chini. Nyumbani kwenu chogo ilizimwa mwaka gani, na kingamuzi cha kwanza alinunua nani?