Akidi Isiyotazama Wanawake

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Sura ya 287, inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao wawe wanawake. Ndiyo maana katika uchaguzi wa serikali za mitaa kama ule wa Novemba 27, 2024, mpiga kura alikuta wagombea wa kundi la wanawake kando ya wale wa kundi mchanganyiko. Watafiti na wanasiasa hutaja robo hiyo kana kwamba ndiyo uwakilishi wenyewe. Nadhani tunapima kitu kisicho sahihi: tunahesabu waliochaguliwa, ilhali kinachomgusa mwananchi ni nani alikuwepo uamuzi ulipopitishwa.

Ardhi inalionyesha jambo hili wazi kuliko kitu kingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji. Hupokea maombi ya hakimiliki ya kimila na kupeleka mapendekezo ya ugawaji mbele ya mkutano mkuu. Hapo ndipo mjane anapojua kama shamba alilolilima na marehemu mumewe litabaki kwake au litarudi kwa shemeji zake. Lakini akidi ya kikao cha halmashauri huhesabiwa kwa vichwa tu. Halmashauri yenye wajumbe 25, wanawake wakiwa saba, yaweza kukaa na wanaume 18 peke yao, ikamaliza ajenda zote, na muhtasari ukawa halali.

Sasa tazama vyombo vya usuluhishi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Baraza la kata linaposuluhisha hukaa na wajumbe watatu, na lazima mmoja awe mwanamke. Lakini baraza la kijiji husuluhisha tu, na la kata liliondolewa mamlaka ya kuamua mwaka 2021. Maana yake ni kwamba sheria inasisitiza kuwepo kwa mwanamke pale anapoombwa kupatanisha, na inalegea pale mali inapogawanywa. Hili halikubaliki.

Wapo watakaosema kwamba akidi ya kijinsia itakwamisha vikao, au wanawake wataitwa kuja kusaini mahudhurio tu. Hoja ya pili ina uzito, maana kuwepo si kusikilizwa. Hata hivyo, mahakama zetu zimewahi kubatilisha maamuzi ya mabaraza ya kata kwa sababu kumbukumbu hazikuonyesha wajumbe waliokaa wala jinsia zao. Mwenyekiti anayejua kwamba kazi yake yaweza kufutwa atajifunza kuacha kuitisha kikao saa ambayo wanawake wako kisimani au jikoni.

 

Suala hili halihitaji kusubiri. Bunge lirekebishe Sura ya 287 ili kikao chochote cha halmashauri ya kijiji kinachojadili ardhi au fedha kisiwe na akidi iwapo wanawake waliopo hawafiki theluthi ya wajumbe waliohudhuria, na muhtasari uonyeshe nani alisema nini.