NANI AMTEUE MSIMAMIZI WA MAJI NA UMEME?

Askari anayekesha penye mtambo wa umeme wa Rwegura, ulioanza kazi mwaka 1986, analinda nuru ya nyumba asizozijua. Polisi anayepita usiku katika mitaa ya Buyenzi au Kamenge naye hutegemea nuru hiyo hiyo. Ni haki basi kuuliza: wanaoamua juu ya maji na umeme wa umma hupatikanaje? Huteuliwa na wakubwa, au huchaguliwa na watumiaji?

Nchini Burundi jawabu la swali hilo lina sehemu mbili. Regideso, shirika la serikali lenye makao makuu yake mjini Bujumbura, husimamiwa na baraza ambalo wajumbe wake huteuliwa kwa amri ya serikali. Mwananchi hapigi kura hapo. Lakini vilimani mambo ni mengine: watumiaji wa bomba la kijiji hukutana, wakachagua kamati yao ya kulitunza, kukusanya michango na kuamua ugomvi wa foleni.

Desturi hiyo haikuzuka jana. Tangu enzi za wafalme, Mushingantahe hakujitangaza mwenyewe. Majirani walimchunguza kwa muda mrefu, kisha wakamsimika mbele ya watu wote, naye akala kiapo cha kusema kweli. Haikuwa kura ya sanduku, lakini ilikuwa ridhaa ya watu.

Kura ya sanduku ilifika katika komini mwishoni mwa mwaka 1960, chini ya utawala wa Ubelgiji. Miaka mitano baadaye ridhaa hiyo ilivunjwa. Baada ya uchaguzi wa bunge wa mwezi Mei 1965, Mfalme Mwambutsa wa Nne alimteua Léopold Biha, mtu wa karibu na ikulu, kuwa Waziri Mkuu, bila kujali wingi uliopatikana bungeni. Aidha, iliamuliwa kuwa wakuu wa komini waliochaguliwa nafasi zao zishikwe na watumishi wa kuteuliwa. Mwezi Oktoba mwaka ule ule baadhi ya maofisa wa jeshi na jandarmeri walijaribu kuipindua serikali. Jaribio lilishindwa, na damu nyingi ikamwagika, ya askari na ya raia. Historia inafundisha kwamba kura ikidharauliwa, bunduki hushawishika kusema mahali pake, na wa kwanza kulipa gharama ni mwenye bunduki mwenyewe.

Mbali na Afrika, watu wa jimbo la Washington, huko Marekani, walikabili swali hili la umeme kwa njia ya amani. Wakulima walichoka kungojea makampuni ya faragha ambayo hayakuona faida ya kupeleka nyaya mashambani. Mwezi Novemba 1930 wapiga kura waliipitisha sheria iliyowaruhusu wananchi kuunda wilaya za huduma za umma. Kila wilaya huongozwa na makamishna, kwa kawaida watatu, wanaochaguliwa na wakazi kwa muda wa miaka sita. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika karatasi ya kura hakuna jina la chama. Mwananchi humpima mtu, wala hapimi bendera.

Burundi nayo ilifuata kanuni iliyo karibu na hiyo kwa sheria ya komini ya mwaka 2005. Baraza la kilima, au la mtaa katika mji, lilipewa wajumbe watano waliochaguliwa moja kwa moja, wakigombea bila tiketi ya chama. Aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyekuwa mkuu. Uchaguzi wa namna hiyo ulifanyika mwaka huo wa 2005, ukarudiwa mwaka 2010, 2015 na 2020.

Uteuzi una faida yake: mitambo mikubwa huhitaji wataalamu, na utaalamu haupatikani kwa kupigiwa makofi. Hata hivyo, aliyeteuliwa humtazama aliyemteua, na aliyechaguliwa humtazama jirani anayebeba ndoo. Nchi yenye busara huwahitaji wote wawili.

Kwa askari na polisi, ambao Katiba inawakataza kujiunga na vyama, wajibu ni mmoja penye bwawa na penye kituo cha kura. Maji hayamwulizi mtu kabila lake wala chama chake, na mlinzi wake asiulize.