Kijiji cha Castelnuovo na Watu Wake

Mara nyingi twadhani ya kuwa mambo makubwa hutoka miji mikubwa. Habari za kijiji hiki zaonyesha kwamba sivyo.

Castelnuovo ni kijiji cha Italia, upande wa kaskazini, katika nchi ya Piemonte, si mbali na mji wa Torino. Zamani kiliitwa Castelnuovo d'Asti. Tangu mwaka 1930 chaitwa Castelnuovo Don Bosco. Ni nchi ya vilima, na watu wake tangu kale ni wakulima wa mizabibu. Divai zake, Freisa na Malvasia, zasifiwa hata leo. Karibu nacho, huko Vezzolano, lipo kanisa la kale, na ndani yake mna ukuta wa mawe uliochongwa sanamu za mababu wa Bikira Maria, nao una tarehe ya mwaka 1189.

Lakini urithi mkubwa wa kijiji si mawe wala divai, bali ni watu. Mwaka 1811 alizaliwa humo Giuseppe Cafasso. Mwili wake ulikuwa mdogo, na mgongo umepinda. Walakini akawa padre na mwalimu wa mapadre mjini Torino. Aliwazuru wafungwa gerezani, na waliohukumiwa kufa aliwasindikiza mpaka penye kitanzi, wasife peke yao.

Mwaka 1815, katika kitongoji cha Becchi, alizaliwa Giovanni Bosco. Baba yake alifariki mwaka 1817, mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akawalea watoto kwa jembe na kwa sala. Kwa kuwa kaka yake mkubwa wa baba mmoja hakutaka asome, kijana Bosco aliondoka nyumbani akawa mtumishi shambani kwa watu. Baadaye padre mzee, Calosso, akamfundisha Kilatini. Naye alipopata upadre mwaka 1841, ni Cafasso aliyemwita Torino na kumpeleka magerezani. Huko Bosco aliwaona vijana wengi, akasema moyoni: hawa wangalikuwa na rafiki, wasingalifika hapa. Ndipo akaanza kuwakusanya vijana wa mitaani, akawapa mafundisho na kazi za mikono.

Hata mwaka 1851 akazaliwa Giuseppe Allamano, ambaye Cafasso alikuwa mjomba wake. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa kijijini, Benedetta Savio. Kisha alisoma Torino katika nyumba ya Don Bosco. Alitamani kwenda misioni, lakini mwili wake haukuwa na nguvu. Basi mwaka 1901 alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata, na mwaka 1910 shirika la masista. Mwaka 1902 mapadre wawili na mabruda wawili walifika Tuthu, kwa chifu Karuri, katika nchi ya Wakikuyu. Na mwaka 1919 wenzao wakaingia Iringa. Allamano mwenyewe alifariki mwaka 1926, na miguu yake haikukanyaga Afrika hata siku moja.

Wote watatu Kanisa limewatangaza watakatifu: Bosco mwaka 1934, Cafasso mwaka 1947, na Allamano mwaka 2024.

Tazameni basi jinsi walivyofuatana. Cafasso alimwongoza Bosco, Bosco alimlea Allamano, na Allamano akatuma watu kwetu. Na nyuma ya hao wako mama mjane, padre mzee na mwalimu wa watoto wadogo, ambao hawakutafuta sifa. Kama mmoja wao angaliichoka kazi yake, huenda mnyororo ungalikatika.

Hata parokia zetu zina watu wa namna hiyo: katekista aliyefundisha chini ya mti, mama aliyepeleka watoto sala ya asubuhi. Wazee wanaowakumbuka wanapungua kila mwaka. Walimu, waulizeni majina yao, mkayaandike, watoto wapate kujua ni mikono ya nani iliyowaletea Injili.