Wenzo wa Usukani

Gereji utasikia "amu ya stelingi", na kila fundi aliyepo ataelewa. Ni kile kipande kizito cha chuma kilichofungwa kwenye kifundo cha gurudumu la mbele. Kinapokea msukumo wa draglinki kutoka kwenye boksi ya stelingi na kuligeuza gurudumu. Jina hilo limekaa vizuri mdomoni na sioni sababu ya kulifukuza. Lakini ninapoandikia watu wanaotaka kununua amu za kuongezea, zisizo za kiwandani, naandika "wenzo wa usukani". Ningeweza kuandika "mkono", ila mkono unaeleza umbo tu. Wenzo unaeleza kazi: ni ule mti wa kubinulia gogo, ambao ukiushika mbali na egemeo, gogo linakuwa jepesi lakini linasogea kidogo. Wingi wake, nyenzo, siku hizi umezoeleka kwa maana ya vifaa na mali za kufanyia kazi yoyote, kwa hiyo usiuache peke yake. Andika nyenzo za usukani.

Mnunuzi akishika maana hiyo, swali la kwanza dukani ni urefu. Chukua wenzo wa milimita 150 kutoka kitovu cha mzunguko hadi tundu la draglinki. Draglinki ikisogea milimita 75, gurudumu hugeuka digrii 30. Urefushe ufike milimita 180, na kwa mwendo uleule gurudumu litageuka karibu digrii 25 tu, ingawa nguvu ya kuligeuza imeongezeka kwa asilimia 20. Mwenye matairi mapana anayetambaa juu ya mawe huupenda huo wepesi. Anayepita njia za msituni zenye kona kali atalazimika kurudi nyuma mara kwa mara, na atajuta.

Mfano ninaoupenda ni Hilux ya zamani yenye ekseli nzima mbele, ambayo Marekani iliuzwa mpaka modeli ya 1985. Draglinki yake inakwenda mbele na nyuma, kando ya chasisi. Springi ikibonyea, ekseli inasogea, na gari linajigeuza lenyewe dereva akiwa ameshika usukani vilevile. Ukiinua gari kwa springi ndefu, tabia hiyo huzidi. Ndiyo maana zikatengenezwa nyenzo za juu, zinazokaa juu ya vifundo vyote viwili: draglinki inakatiza kutoka kwenye boksi hadi gurudumu la upande wa pili, na tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, inapanda juu ya springi, mbali na mawe. Hazifai bila kubadili boksi, kwa sababu mpangilio huu unataka boksi inayosukuma kushoto na kulia.

Hapo mzigo nao unahama. Wenzo wa upande wa abiria sasa una matundu mawili, la draglinki na la tairodi, na yote yanavuta stadi nne tu, zile boliti zisizo na kichwa zilizozama kwenye kifundo. Kwa ekseli hii sehemu ya kuogopa ni hizo stadi, kuliko hata wenzo wenyewe. Zikilegea kidogo, wenzo unaanza kucheza, na stadi inakatika. Washa zake za koni lazima ziingie kwenye matundu safi yasiyo na grisi wala kutu, nati zikazwe kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari, kisha zikaguliwe tena baada ya safari fupi ya kwanza. Isitoshe, wenzo huo umebeba pini ambayo kifundo kinazungukia, na chini yake kuna shimu za kurekebisha mkazo wa beringi. Fundi anayezichanganya shimu za kushoto na za kulia ameharibu kazi hata kama chuma ni kizuri.

Tundu la tairodi lina umbo la koni, na koni za watengenezaji hazilingani. Usikubali neno la muuzaji. Paka pini ya tairodi wino wa kalamu nene, isukume tunduni, izungushe kidogo, uitoe. Wino ukifutika kuizunguka yote toka juu hadi chini, zinapatana. Ukifutika kwenye pete nyembamba upande mmoja, pini hiyo itachezacheza mpaka ivunjike. Tundu lililokuwa dogo hupanuliwa kwa rima ya koni. Lililozidi halijazwi kwa welding. Wenzo wowote uliochomewa au kukunjwa kwa moto mimi nausema wazi kuwa ni chuma chakavu.

Angalia pia matundu ya tairodi yameegemea wapi. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alipata hataza London kwa niaba ya Georg Lankensperger wa Munich, kwa mpangilio unaolifanya gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kuliko la nje. Tairodi ikiwa nyuma ya ekseli, matundu huegemea ndani. Ikiwa mbele, huegemea nje, ambako mara nyingi rimu imeziba nafasi. Wanaozigeuza tu nyenzo za nyuma zielekee mbele hupata kinyume chake, na matairi huburuzwa kila kona.

Kabla ya kulitoa gari gerejini, liinue ekseli ining'inie, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, kisha rudia springi zikiwa zimebonyezwa, ukitazama tairodi isiguse springi, sampu wala mipira ya breki.