Sauti Zilizoponea Kwenye Kaseti

Mwulize Mtanzania aliyekulia miaka ya 1970 au 1980 habari za Pwagu na Pwaguzi. Atacheka kabla hujamaliza swali, halafu atakuigizia sauti. Sasa mwombe akupe kipindi kimoja tu usikilize. Hapo kicheko kinakatika.

Kwa miaka sita nimekuwa nikitafuta vipindi vya zamani vya Redio Tanzania Dar es Salaam: vichekesho, michezo ya kuigiza, Mama na Mwana ya watoto. Muziki siuhangaikii sana. Wimbo ulipigwa leo, kesho na keshokutwa, kwa hiyo ulitunzwa. Hotuba za wakubwa nazo zilitunzwa. Lakini mchezo wa kuigiza ukishasikika, nani aliuhitaji tena?

Vijana wenzangu mnaoandika, hili linatuhusu. Redio yetu ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ikawa shirika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikaitwa RTD. Mpaka redio za binafsi zilipoingia miaka ya 1990, Bara ilikuwa na redio hiyo moja tu ya nyumbani. Wangapi walisoma riwaya enzi hizo, na wangapi walisikiliza redio? Majibizano ya Kiswahili tunayohangaika kuyaandika leo, yenye kejeli na yasiyo na neno la ziada, yalikuwa yakiingia kila nyumba bure. Hata jina Pwagu na Pwaguzi limetoka kwenye methali: pwagu hupata pwaguzi. Tunasema tunarithi fasihi, lakini sehemu hiyo ya urithi hatuna hata ya kuonja.

Kwa nini? Mkanda ulikuwa mali. Haukutengenezwa nchini, ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, na una sifa moja mbaya: unafutika. Hata BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta vipindi vingi ili mikanda itumike tena. Sembuse sisi?

Wamarekani waliponea kwingine. Miaka ya 1930 na 1940, NBC na CBS zilitaka vipindi viende hewani moja kwa moja, siyo rekodi. Lakini kampuni zilizolipia zilitaka ushahidi kwamba tangazo la sabuni limesomwa kweli, kwa hiyo vipindi vilichongwa kwenye santuri za inchi 16. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi nalo likatoa santuri zake kwa ajili ya askari. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kumsikia Orson Welles akiwatisha watu usiku wa Oktoba 30, 1938. Kuanzia miaka ya 1960 raia wa kawaida wakaanza kuzisaka, kuzihamishia kwenye mkanda na kubadilishana kwa posta. Hakuna aliyewatuma.

Sisi sabuni haikutuachia santuri. Tulichonacho ni kaseti, zilizorekodiwa nyumbani na mtu aliyekipenda kipindi. Nimezipata Kariakoo kwenye maboksi ya mafundi redio, Tanga chini ya kitanda cha shangazi, Morogoro kwa mzee mmoja aliyezifunga kwenye mfuko wa sukari. Moja imeandikwa "Taarab 1984". Mwishoni, baada ya wimbo kukatika, zimebaki dakika mbili za kichekesho ambacho hakikufutika. Mtoto analia, sufuria inaanguka, mama anafoka: "Hebu nyamazeni, redio!" Dakika mbili hizo sizibadilishi na albamu nzima.

Nawe unaweza kuanza. Tazama mgongo wa kaseti: kuna vijipande viwili vya plastiki. Aliyetaka kutunza alivivunja, redio isiweze kurekodi juu yake. Aliyebadili mawazo aliziba tundu kwa karatasi. Kaseti nyingi ninazopewa zina karatasi hiyo, lakini usizitupe. Sikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili. Kabla ya kupiga, zungusha mkanda taratibu kwa kalamu. Ukiona ukungu au unanata, usilazimishe, mpelekee fundi. Ukifanikiwa kupiga, rekodi mara hiyohiyo ya kwanza, maana huenda isiwepo ya pili. Tunza nakala mbili, sehemu mbili. Andika umeitoa kwa nani, wapi, na yeye anakumbuka nini. Na jamani, msikate matangazo ya vifo wala saa inayotajwa. Hayo ndiyo yatakayokwambia siku yenyewe.

Fanya haraka. Mkanda unakufa kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam vyote tunavyo tele. Wenye kaseti nao wanazeeka. Mara mbili nimefika nyumba niliyoelekezwa nikakuta mwenyewe kazikwa, na wajukuu wameshasafisha chumba. Hawakuwa na ubaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba lile boksi la takataka lilikuwa maktaba.

Sasa wewe nimekwambia. Nyumbani kwenu kuna boksi gani?